Tupeane uzoefu: Chakula, gharama na desturi za Ethiopia kwa mgeni

Wakuu, habari zenu. Wengi wetu tunaifahamu Ethiopia kwa kubadilishia ndege tu kwenye uwanja wa Bole, Addis Ababa. Naomba waliowahi kutoka nje ya uwanja na kuingia mjini waseme walikula nini, fedha iliishia wapi na nini kiliwashangaza. Naanza mimi.

Kabla ya kuagiza chakula, jua kwanza ni siku gani. Wakristo wa Orthodox hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Kwaresima yao ni siku 55. Wakifunga hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai, na migahawa mingi haipiki nyama kabisa. Usinung'unike. Agiza beyaynetu: injera pana iliyopangwa mafungu ya dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde au dengu), kabichi na mboga za majani. Hicho ndicho chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula kule, na bei yake iko chini ya sahani ya nyama. Injera ni mkate laini kama chapati, wa unga wa teff (nafaka ndogo ya kwao) uliochachushwa siku kadhaa. Mwanzoni ule uchachu unausikia sana, baadaye chakula bila injera unakiona kimepooza.

Mnakula sahani moja, kwa mkono wa kulia. Mwenyeji akikukunjia tonge na kulileta mdomoni kwako, pokea. Ni heshima kubwa anakupa.

*

Asante mleta mada. Mimi naongezea saa na fedha.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati: wanahesabu saa kama sisi, saa moja asubuhi ni baada ya kuchomoza jua. Wazungu niliosafiri nao walihangaika, mimi nilikuwa nyumbani. Lakini tiketi za ndege hufuata saa za kimataifa, kwa hiyo ukitajiwa muda uliza ni saa za wapi. Kalenda nayo ni yao: miezi 13, mwaka mpya Septemba 11 au 12, na mwaka wao uko nyuma ya huu wetu kwa miaka saba au minane. Tiketi yangu ya basi ilikuwa na tarehe ya kwao, nikamwomba karani aniandikie na ya kwetu pembeni.

Bei za zamani mnazozikuta mtandaoni msizitegemee. Julai 2024 serikali iliiachia birr, fedha yao, ijipange sokoni na ikashuka sana. Hoteli nyingi humtajia mgeni bei kwa dola, hapo ndipo fedha inapokwenda. Chakula cha kawaida na daladala zao za bluu na nyeupe havikuumizi. Na mbebe sweta, Addis iko juu ya mita 2,300, usiku ni baridi na ngazi zinakata pumzi.

*

Jamani, mbona kahawa hamjaigusa?

Nilikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akawasha ubani, akaosha kahawa mbichi na kuikaanga mbele yetu, kisha akapitisha kikaango ili kila mtu avute harufu ya ule moshi. Ikatwangwa, ikachemshwa kwenye jebena (birika la udongo), ikamiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono. Bisi zilikuwa pembeni. Raundi ni tatu: abol, tona, baraka. Kuondoka baada ya ya kwanza si vizuri, maana baraka ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo ukialikwa, usipange shughuli nyingine mchana huo. Ndiyo maana nawaomba msiishie kwenye mikahawa ya makiato (kahawa yenye maziwa kidogo), japo nayo ni mizuri.

*

Dada, umenitamanisha. Swali: Muislamu anakulaje kule?

*

Ndugu yangu, nenda Harar utafurahi. Unatua Dire Dawa, unachukua gari dogo la abiria kupanda mlima. Mji wa kale uko ndani ya ukuta, UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, una misikiti 82. Nyama ya ngamia ipo. Kwingineko nchini bucha za Waislamu na za Wakristo ziko mbalimbali, na kila upande hauli nyama ya mwenzake, kwa hiyo kuuliza hakumkwazi mtu. Siku za mfungo wao wewe kula beyaynetu bila wasiwasi.

Ila shughuli zako Harar zimalize asubuhi. Mchana watu wengi hukaa kutafuna mirungi na maduka hupoa. Jioni toka nje ya ukuta ukaone fisi wanavyolishwa kwa mkono.