Kombe la nakshi la marehemu mama limelazwa kwenye siki, na fundi anadai ameling'arisha!

Waungwana, nimejizuia siku tatu nisiandike, lakini leo nimeshindwa. Kombe aliloniachia marehemu mama, ganda la konokono mkubwa wa baharini lenye sura ya mwanamke wa shela iliyochongwa kwenye tabaka jeupe juu ya wekundu wa chini, nililipeleka kwa fundi mmoja hapa Malindi alitoe vumbi tu. Nimerudishiwa mwanamke asiye na pua. Mikunjo ya shela, ambayo zamani ukiipitishia ukucha unaihisi mmoja mmoja, sasa inateleza kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Nilipomuuliza, alijibu bila haya kwamba amelilaza usiku kucha kwenye siki, kisha akalisugua kwa klorini, kwa sababu wateja wanapenda ling'are. Huo ni uharibifu! Kombe ni kalsiamu kaboneti, kama yalivyo mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba, na asidi yoyote, iwe siki, ndimu au dawa ya kutoa kutu, huiyeyusha huku ikitoa povu. Kombe lisilochongwa huenda likapoteza ngozi ya juu tu, lakini katika lililochongwa kazi yote ya mchongaji imo ndani ya unene huohuo unaoyeyuka.

Tena hakulisuuza. Alilifungia kwenye katoni likinuka siki, ilhali mvuke wa siki uliofungiwa pamoja na unyevu wetu huu wa pwani ndio unaozaa ule unga mweupe ambao wengi hudhani ni ukungu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yametokea Malindi, mji uliojaa Waitaliano, wakati mafundi wa Torre del Greco, karibu na Napoli huko Italia, wamekuwa wakichonga kombe jekundu la bahari yetu, Cypraecassis rufa, tangu karne ya 19. Kulitunza hakuhitaji ufundi mkubwa: maji ya vuguvugu, tone la sabuni isiyo kali, brashi laini, kulikausha kivulini, na mafuta kidogo sana kwa kitambaa ili lisikauke likapasuka. Mama alifanya hivyo miaka yote, na pua ilikuwapo.

Nililipa shilingi 1,500 kabla ya kufungua katoni, nami nazidai zote. Juu ya meza yake niliacha makombe mengine mawili ya nakshi kando ya ndoo yake ya siki. Kama moja ni lako, kalichukue leo kabla ya magharibi.