Eliye Springs siku nne na dadangu: gari, hema na kamera vitahimili mchanga na upepo?

Wa_Pipeline, Nakuru

Habari zenu. Mimi niko Nakuru, dadangu yuko Kisumu. Tunapanga kwenda Eliye Springs, ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, wikendi ndefu ya Ijumaa hadi Jumatatu, katikati ya Agosti, siku ambazo usiku hauna mwezi. Gari ni moja, RAV4 ya zamani yenye 4WD, tairi zake za kawaida za lami. Hema ni la watu watatu, lina vigingi vyembamba vya chuma. Kamera ina sensa ndogo (1.5x), lenzi ni za milimita 18-55 na 70-300, tripodi ni nyepesi. Dadangu anataka matuta ya mchanga alfajiri, mimi nataka nyota. Naomba mnisaidie kuhusu barabara, hema na vumbi. Na je, nikitoka Nakuru saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa nimchukue Kitale, tutafika siku hiyo hiyo?

Dereva_wa_Marich

Mtafika, lakini usifanye hivyo. Nakuru hadi Kitale kupitia Eldoret ni kama kilomita 225, Kitale hadi Lodwar karibu 300, kisha kuna mchanga wa kuelekea Eliye. Ukitoka saa tisa usiku, utaingia mchangani alasiri ukiwa umekaa kwenye usukani zaidi ya saa kumi na mbili, na mchanga unataka dereva aliyepumzika. Kutaneni Kitale Alhamisi jioni, mlale hapo. Dadako ana saa tatu na nusu hivi kutoka Kisumu kupitia Kakamega na Webuye. Ijumaa muwe barabarani saa kumi na mbili asubuhi.

Kipande cha Kainuk hadi Lokichar, kati ya Marich na Lodwar, pitieni mchana tu, kwenda na kurudi. Kimekuwa na ujambazi kwa miaka mingi. Mkifika Marich, ulizeni polisi hali ya siku hiyo kabla ya kuendelea, na mkiambiwa msubiri, subirini. Jazeni tangi Kitale, mwongeze Lodwar. Mteremko wa Marich ni mrefu: shukeni kwa gia ndogo, breki mzitumie kwa vipindi vifupi ili zisichemke.

Sasa mchanga. Tairi za lami zinatosha, cha kurekebisha ni presha. Lami ikiisha, simameni mteremshe kutoka 32 hadi 18 psi (kipimo cha presha) tairi zote nne. Tairi lililolegea hulala chini, alama yake mchangani inakuwa ndefu, uzito wa gari unatawanyika. Tairi gumu hukata mchanga kama kisu. Mkizama kabisa mnaweza kushuka hadi 15, lakini chini ya hapo tairi huweza kuchomoka kwenye rimu mkikata kona. Presha ikiwa chini msizidi kilomita 30 au 40 kwa saa.

Mwendo uwe wa kutulia, usiokatika. Msikanyage breki kwa nguvu, kwa sababu breki hujenga kilima kidogo mbele ya kila tairi na ndicho kinachowazuia kuondoka tena. Achia mafuta, gari lisimame lenyewe, ikiwezekana mahali pa mteremko. Tairi likianza kuzunguka bure, ondoa mguu saa hiyo hiyo. Kila sekunde ya kung'ang'ana inachimba, na ukifikia hatua ya tumbo la gari kulalia mchanga, presha haitakusaidia tena, ni beleshi. Fukueni mbele na nyuma ya kila tairi, kisha mrudi kinyumenyume kwenye alama mlizojia, maana hapo mchanga umeshashindiliwa.

Laga, yaani mkondo wa mto mkavu, iangalieni kwa heshima. Mvua ikinyesha milimani mbali, maji hushuka kwenye laga kavu bila wingu hata moja juu yenu. Msiegeshe ndani yake, msipige hema ndani yake, hata kama mchanga wake ni laini na una kivuli.

Mama_Hema

Vigingi hivyo vyembamba viache nyumbani. Mchanga mkavu hauvishiki: upepo ukivuta kamba, kigingi kinainuka kidogo, chembe za mchanga zinateleza zinajaza shimo chini yake, na hakirudi tena pale kilipokuwa. Baada ya mivuto kumi kiko nje.

Chukueni mifuko minane ya nailoni iliyofumwa, ile ya unga au sukari ya kilo 10. Minne ni ya pembe za hema, minne ya kamba za pembeni. Jazeni mchanga nusu, mfunge shingo kwa kamba ya mita 2, mzike kina cha sentimita 40 huku mfuko umelala mkingamo wa kamba. Kutoka kwenye shimo chimbeni mfereji mwembamba ambao kamba itapita ikielekea hemani, ili mvuto uende mbele. Kamba ikipanda wima itaung'oa mfuko vilevile. Fukieni, mwagieni maji ya ziwa, mkanyage. Mchanga wenye unyevu hushikana zaidi.

Upepo wa Turkana si wa kubahatisha. Hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, huvuma kutoka kusini-mashariki, na nguvu yake huzidi usiku hadi asubuhi. Kwa hiyo hema litawekwa jioni kukiwa shwari na mtihani wake utakuja saa nane usiku mkiwa mmelala. Upande mwembamba uelekee kusini-mashariki, mlango uwe upande wa pili. Gari liegesheni upande unakotoka upepo. Kaeni mbali na ukingo wa maji: Turkana ina mamba wengi.

Maji: lita 6 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupika. Watu wawili siku tatu pale ni lita 36, ongezeni 14 za gari na dharura. Jumla 50: jerikeni mbili za 20 na moja ya 10. Maji ya ziwa yana magadi na floridi nyingi, hayafai kunywa.

Kuna jambo watu wa kwetu huku juu hatulizoei: usubi wa mchangani anayeeneza kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoleta homa ya muda mrefu. Ugonjwa huo upo Turkana, Pokot Magharibi na Baringo. Usubi huyo ni mdogo kuliko mbu na hupenya chandarua cha kawaida, kwa hiyo tumieni kilichotiwa dawa, mjipake dawa ya kufukuza wadudu kuanzia machweo, na msipige hema karibu na vichuguu, maana ndimo anamojificha mchana. Ukipata homa inayodumu wiki mbili baada ya safari, mwambie daktari umetoka wapi.

Viatu vikung'uteni asubuhi. Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) humfanya nge ang'ae kijani gizani. Ni ya bei nafuu na inastahili nafasi kwenye begi.

Lenzi_Kavu

Mko ufuo wa magharibi, kwa hiyo jua linachomoza juu ya maji, karibu saa kumi na mbili na nusu. Matuta yana sura kwa muda wa saa moja tu, wakati mwanga unapita chini na kila mkunjo wa mchanga una kivuli chake. Saa mbili kasoro yameshakuwa bapa. Dadako achague tuta jioni iliyotangulia na azunguke kwa nje, asikanyage upande atakaoupiga. Lenzi ya 70-300 itamfaa kuliko ile fupi, kwa sababu inakata mbingu na kubakiza mistari. Ongezeni mwanga hatua moja juu ya kipimo cha kamera, la sivyo mchanga utatoka wa kijivu.

Nyota: giza kamili huanza karibu saa mbili usiku. Katikati ya Agosti kitovu cha Njia ya Maziwa kinafika juu kabisa upande wa kusini kabla kidogo ya saa tatu, kwa hiyo msisubiri usiku wa manane. Zidisha 18 (urefu wa lenzi) kwa 1.5 (sensa), kisha gawanya 500 kwa jibu hilo, unapata kama sekunde 18 za kuacha kamera wazi. Ukizidisha hapo nyota zinakuwa vistari. Anza na sekunde 15, f/3.5 (uwazi wa lenzi), ISO 3200 (wepesi wa sensa kunasa mwanga). Fokasi iwe ya mkono: kuza nyota moja angavu kwenye skrini, zungusha hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika utepe kwenye pete isisogee.

Tripodi nyepesi ndiyo itakayowaangusha. Msirefushe miguu. Izamisheni mchangani sentimita 10, mtundike begi katikati likigusa chini. Begi linaloning'inia hupembea na kuitikisa kamera zaidi. Zimeni kitulizi cha mtikisiko kwenye lenzi, tumieni kihesabu cha sekunde 2 ili kamera ijipige yenyewe.

Lenzi za kuvuta kama hizo zenu hunyonya hewa zinaporefuka, na vumbi huingia humo. Kwenye upepo chagua urefu mmoja, usiguse tena. Badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vimefungwa, feni imezimwa. Kioo kipulizie kwanza kwa kipulizio cha mpira. Ukikifuta kwa shati kabla, chembe za mchanga zitakikwaruza.

Na watu: salimuni, ombeni ruhusa kabla ya kuinua kamera, mkikataliwa mshukuru mpite. Droni msiibebe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA.

Wa_Pipeline, Nakuru

Shukrani sana. Tutalala Kitale Alhamisi. Pampu ya mguu inatosha kurudisha presha?

Dereva_wa_Marich

Itawachosha: tairi nne kutoka 18 hadi 32 kwa mguu, kwenye joto la zaidi ya digrii 35. Nunueni ya umeme, ile yenye vibanio vya kushika kwenye betri. Ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari inaweza kuunguza fyuzi, ambayo mara nyingi huwa ndogo. Washeni injini wakati inafanya kazi, na muipumzishe kila baada ya tairi mbili. Msirudi lamini bila kujaza: tairi lililolegea likikimbizwa kwenye lami ya moto huchemka kuta zake na kupasuka. Pimeni tena Lodwar.