Data ya mmap inaibuka au kupotea faili linapobadilishwa urefu

Swali

Habari za kazi, ndugu zangu. Naandika mfumo mdogo wa faili kama moduli ya kerneli ya Linux kwa ajili ya mradi wangu wa kumaliza masomo. Mfumo huo unatumia bloku za baiti 1,024 kwenye mashine ambayo ukurasa wake wa kumbukumbu ni baiti 4,096. Kusoma na kuandika kwa njia ya kawaida hakuna shida, lakini kila ninapochanganya mmap (kulifanya faili lionekane kama sehemu ya kumbukumbu ya programu) na ftruncate (amri ya kubadilisha urefu wa faili) hujitokeza hitilafu mbili ambazo nimeshindana nazo kwa wiki mbili sasa.

Ya kwanza ni hii: natengeneza faili la baiti 1,000, nalifungua kwa mmap, kisha naandika herufi A kwenye nafasi ya 1,500, yaani nje ya mwisho wa faili lakini bado ndani ya ukurasa uleule. Nikilirefusha faili hadi baiti 4,096 na kulisoma, naikuta ile A imekaa palepale, ilhali nilitarajia sifuri.

Ya pili inanitisha zaidi. Nachukua faili jingine la baiti 1,000, naandika baiti moja mwanzoni kupitia mmap, nalirefusha hadi 4,096, kisha naandika kwenye nafasi ya 3,000 kupitia mmap ileile. Nikisoma papo hapo data ipo, lakini nikiondoa mfumo kwa umount (amri ya kuutenga mfumo wa faili) na kuuweka tena, nafasi ya 3,000 ina sifuri tupu na hakuna kosa lolote lililoripotiwa.

Ndani ya setattr (kitendakazi changu cha kubadilisha sifa za faili, ukiwemo urefu) naita i_size_write, inayoandika urefu mpya, kisha truncate_pagecache, inayoondoa kurasa zilizopita urefu huo kwenye kache, basi. Nafasi za diski nazitenga ndani ya page_mkwrite (kitendakazi ambacho kerneli hukiita ukurasa wa mmap unapotaka kuandikwa kwa mara ya kwanza), na wakati wa kupeleka ukurasa diskini naziruka bloku zisizo na anwani, kwa kuwa nilidhani page_mkwrite imekwisha kuzishughulikia. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, nianze na ile ya pili, kwa sababu hata mifumo mikubwa ya faili iliwahi kuwa nayo. Linux ilirekebishwa mwaka 2014.

Ulipoandika baiti ya kwanza, kerneli iliita page_mkwrite, nayo ikatenga bloku moja tu, kwani faili lilikuwa na baiti 1,000 na hakuna anayetaka kutenga bloku zilizo nje ya mwisho wa faili. Baada ya hapo ukurasa wote wa baiti 4,096 ukawa umeruhusiwa kuandikwa katika jedwali la kurasa, yaani orodha inayoonyesha programu inaruhusiwa kufanya nini na kila ukurasa. Ulipolirefusha faili, ruhusa ile haikuondolewa, kwa hiyo uandishi wa nafasi ya 3,000 ulipita moja kwa moja bila kerneli kuuliza chochote, page_mkwrite haikuitwa mara ya pili, na bloku ya tatu haikupata anwani. Msimbo wako ukairuka kimyakimya.

Dawa yake ni kuufanya ukurasa ule uwe wa kusomwa tu mara urefu unapoongezeka, ili uandishi unaofuata uilazimishe kerneli kuita page_mkwrite upya. Kazi hiyo hufanywa na pagecache_isize_extended, nayo lazima iitwe baada ya urefu mpya kuandikwa, la sivyo page_mkwrite itakayofuata inaweza kuuona urefu wa zamani na kurudia kosa lilelile. Badala ya kuita i_size_write na truncate_pagecache wewe mwenyewe, ita truncate_setsize, ambayo hufanya yote kwa mpangilio sahihi. Kumbuka pia kwamba faili hurefuka hata kwa write ya kawaida inayoanzia mbele ya mwisho wake, kwa hiyo njia hiyo nayo ikague.

Tena nakusihi, bloku isiyo na anwani ndani ya mipaka ya faili usiiruke bila kurudisha kosa. Mtu akipewa kosa atajua la kufanya, lakini akipewa sifuri mahali pa data yake atagundua siku ambayo hata nakala ya akiba imeshafutwa.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu ile A. POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, inataka sehemu iliyoongezwa isomeke kama sifuri, na mwenye mmap anaweza kuchafua mkia wa ukurasa wa mwisho (sehemu iliyo baada ya mwisho wa faili) wakati wowote bila mfumo wa faili kujua. Kwa hiyo kusafisha mkia wakati wa kufupisha faili peke yake hakutoshi: usafishe kila ukurasa huo unapopelekwa diskini, na tena kabla ya kurefusha. Kwako wewe ni muhimu usafishe hadi mwisho wa ukurasa, kwa sababu ukiishia mwisho wa bloku utafika 1,024 tu, na A yako iko 1,500.

Kwa upande wa kufupisha, usiachilie bloku za diski kabla ya kubadilisha urefu na kuondoa kurasa kwenye kache. Ukizitanguliza, programu nyingine inaweza kuugusa ukurasa katikati ya kazi, ukasomwa kutoka bloku ambayo tayari imepewa faili la mtu mwingine. Kwa kutoboa tundu katikati ya faili, yaani kuachilia bloku za katikati tu, urefu haubadiliki, hivyo hauwezi kukulinda. Hapo tumia invalidate_lock, kufuli linalozuia kurasa kusomwa upya wakati zinaondolewa kwenye kache, lililoingia katika Linux 5.15 mwaka 2021. Usijaribu kutumia kufuli la inode (rekodi ya faili ndani ya kerneli) ndani ya page_mkwrite: write hulishika kufuli hilo kwanza, kisha inaweza kugusa kumbukumbu ya mmap inaponakili data, na wawili hao watasubiriana milele.

Muulizaji

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimeweka truncate_setsize, na data ya nafasi ya 3,000 sasa inabaki baada ya umount. Mkia nao nausafisha hadi mwisho wa ukurasa, na A haionekani tena. Njia ya write ilikuwa na kasoro ileile, kama mlivyosema.

Nimeendesha fsx, programu ya kujaribu mifumo ya faili, kwa chaguo la -e 1, ambalo huchafua mkia kwa makusudi kila urefu unapobadilika, na bado inasimama kwenye fallocate (amri ya kutengea faili nafasi mapema). Nimeufungua msimbo: pale nako ninaongeza urefu kwa i_size_write tupu, yaani kosa lilelile.