UZI: Sensa ya kamera, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, haipulizwi kwa mdomo. HAIPULIZWI!

Jamani, jina silitaji, sote twamjua. Fundi wetu yule wa kamera, wa mwavuli mwekundu. Leo asubuhi kaletewa kamera na mgeni aliyetoka Tsavo, vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Katoa lenzi, kamera kaigeuza juu kama bakuli la uji, kainama, kisha: fuuu! Kwa mdomo! Mdomo uliotoka kwenye mbaazi na mahamri sasa hivi! Pumzi ile ingeelekezwa kwenye tanga, jahazi lingefika Lamu kabla ya adhuhuri.

Alipoambiwa aache, akajibu kwamba watu wa mitandaoni hawajui kazi. Hawajui kazi! Haya maneno ya mtu aliyepuliza kwa mdomo!

Juu ya sensa kuna kioo chembamba. Vumbi kavu likikaa hapo si msiba. Fungua shata, lile pazia la mbele ya sensa, kamera itazame chini, uminye puto la mpira la kupulizia hewa mara nne au tano bila ncha kugusa kitu, linadondoka lenyewe. Balaa ni mate. Yana chumvi na ute, yakikauka yanaacha vidoa vyenye ukingo, na lile vumbi jekundu linageuka tope. Puto haliling'oi tena. Hapo ni kijiti cha kusafishia chenye upana sawa na upande mfupi wa sensa: milimita 24 kwa sensa kubwa, 16 kwa ile ndogo. Matone mawili ya dawa ya kusafishia sensa, yaache yaenee, pitisha mara moja kutoka ukingo hadi ukingo, rudi kwa upande wa pili, tupa. Usirudie na hichohicho. Betri nayo iwe imejaa, maana kwenye kamera zenye kioo cha kunyanyuka, moto ukiisha katikati kioo kinashuka juu ya kijiti. Vifaa vyote hivyo vinaenea kwenye mfuko wa shati. Yeye akatoa mdomo!

Na ushahidi aliompa mgeni! Kapiga picha ya ukuta kwa f/2.8, tundu la lenzi likiwa wazi sana, akamwonyesha, "safi". Kwa f/2.8 hata mende akilala juu ya sensa hatamwona! Tundu la lenzi likiwa wazi mwanga unaingia kwa pembe pana, kivuli cha doa kinafifia. Kaza tundu mpaka f/22, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) iwe 100, elekeza kwenye anga tupu au karatasi nyeupe, haribu fokasi makusudi, sogeza kamera shata ikiwa wazi. Kinachobaki kimeganda palepale kwenye picha ni uchafu wa sensa. Mgeni mwenyewe anakwenda Lamu kupiga majahazi, anga na bahari tupu. Kila picha itakuwa na mbaazi.

*

Tangawizi_Kavu: Kelele zote hizi kwa pumzi moja? Wapiga picha wa zamani hapa Mombasa walifuta kwa shati na picha zao ziko ukutani hadi leo.

Mleta uzi: Walifuta lenzi, bwana. Kioo cha mbele ukikihemea "haaa" kisha ufute kwa kitambaa laini, sikugombi. Huyu hakuhema, alipuliza "fuuu", tena ndani! Na filamu husogea, vumbi la picha hii huondoka na picha hii. Sensa haisogei.

Mkunazi: Na wewe ulisimama hapo ukitazama. Puto lako lilikuwa wapi? Kunywa maji, ndugu yangu, mishipa itakupasuka.

Pwani_Macho: Mimi naunga mkono. Huyohuyo husafisha kwa kopo la hewa ya kompyuta. Ukiliinamisha kopo, gesi inatoka ikiwa maji na inaacha utando. Afadhali mbaazi.

Mleta uzi: Usiseme afadhali mbaazi. Usiseme kabisa.

Bi_Lenzi: Mwalilia vumbi, na kuvu je? Kuna yule wa kukodisha lenzi, mwamjua, azitia kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Kwa unyevu huu wa pwani! Kuvu anaota ndani kama utando wa buibui, akizoea anakula tabaka la juu la kioo, hata ukimsafisha alama inabaki. Sanduku la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko na silika jeli, vile vipunje vya kunyonya unyevu, basi. Unyevu asilimia 40 hadi 50. Ile ya rangi ya chungwa ikishakuwa kijani, ikaushe. Shida iko wapi?

Tangawizi_Kavu: Na wale wanaotoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi ufukweni, kisha walalamika imeroa jasho. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa ndani, iache nje nusu saa ipate joto, ndipo ufungue.

Mkunazi: Hayo yote madogo. Madereva! Yule wa gari la paa la kunyanyua hazimi injini hata mbele ya simba. Ukiwa na lenzi ya milimita 400, ya kuvuta vya mbali, mtetemo wote unaingia kwenye picha. Zima, weka mfuko wa maharagwe kwenye ukingo wa paa, lenzi ilale juu yake. Kilo mbili zatosha. Ukipanda ndege kwenda Windhoek kule Namibia au Maun kule Botswana, beba mfuko mtupu, ujaze ukifika.

Pwani_Macho: Jaza mchele. Unakumbatia lenzi vizuri zaidi.

Mkunazi: Mchele? Unasagika, unga unapenya kwenye mshono, unaishia kwenye lenzi.

Mleta uzi: Tafadhali, turudi kwenye ule mdomo. Alipuliza! Jamani, kwa mdomo!

Pwani_Macho: Subiri kwanza. Ukitia mfuko wa ndani wenye zipu, unga utatokea wapi? Maharagwe yanagongana, ndege wanasikia.

Bi_Lenzi: Kunde. Ndogo, zinajaa kila pembe, hazina unga.

Mkunazi: Kunde zikiloa zinaota, Bi.

Bi_Lenzi: Na maharagwe hayaoti?