Kazi ya kugawa basari wabunge wameitoa kifungu gani cha Katiba??

Wadau leo nimechemka, wacha niitoe hapa. Nimepeleka fomu ya basari, ile pesa ya karo inayotoka CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), ya mtoto wa dada yangu, muhuri wa chifu upo, ripoti ya shule ipo, nimesimama foleni toka saa mbili asubuhi hadi saa saba ndio naambiwa nirudi Ijumaa, mheshimiwa anakuja mwenyewe kutoa cheki. Yaani cheki haiwezi kufika shuleni mpaka aishike apigwe picha? Mwaka jana tulipata elfu tatu na hotuba ya saa nzima.

Nikaanza kulalamika, jamaa mmoja hapo nje ananiambia eti Katiba haijakataza, Bunge liko na mamlaka mengine yanaeleweka tu hata kama hayajaandikwa. Hapo ndio nikapandwa kabisa.

Kifungu cha 95 cha Katiba yetu ya Kenya si siri. Bunge la Taifa linawakilisha watu, linatunga sheria, linaidhinisha matumizi na linachunga vile pesa inatumika. KUCHUNGA. Nikikuandika uchunge ng'ombe wangu halafu nikupate unakamua na kuuza maziwa, utaniambia kukamua kuko ndani ya kuchunga?

Na msiniletee Marekani. Kule 1819 mahakama ilikubali benki ambayo katiba yao haikuitaja popote, sawa, lakini katiba hiyo hiyo inaruhusu Kongresi kutunga sheria za lazima na za kufaa ili itimize kazi iliyopewa, na benki ilisaidia kukusanya kodi, kukopa na kulipa wanajeshi, kazi ambazo zimeandikwa. Haya niambieni, mbunge kushika cheki ya Form Three kunatimiza kazi gani iliyoandikwa? Kwanza maspika na makarani wa Kongresi hawakuanza kupanga foleni kwa ofisi ya benki, walitunga sheria wakawachia wengine kazi.

Tena si kama hawajaambiwa. Tarehe 8 Agosti 2022, kesho yake tunapiga kura, Mahakama ya Upeo ilisema ile sheria ya CDF ya 2013 ni batili, inavunja mgawanyo wa mamlaka. Wao walikuwa washatengeneza ingine tangu 2015, wameongeza NG (yaani Serikali ya Kitaifa) mbele tu, Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaiangusha nayo ikasema mwisho ni 30 Juni 2026. NG mbele jamani! Ni kama kupaka matatu rangi mpya na breki ni zile zile.

Sisemi watoto wanyimwe karo, mimi mwenyewe naihitaji. Ipitie wizarani, mbunge abaki wa kuuliza maswali ikipotea. Saa hii ikipotea hapa kwetu namlilia nani, na mwenye cheki ndiye huyo huyo wa kuuliza cheki imeenda wapi?

Ijumaa nitarudi, nitafanyaje. Mtoto alitumwa karo jana jioni, yuko hapa nyumbani anaosha vyombo.