Glovu za vidole wazi za kipupwe: kipande bapa au kuzungusha? Sufu au akriliki?

kipupwe_njombe
Habari wadau. Nahitaji glovu za vidole wazi za Juni hadi Agosti huku Njombe, mtu ashike simu na kalamu bila kuzivua. Mzunguko wa kiganja ni sm 20. Nifume kipande bapa nikishone, au nizungushe, yaani nifume mviringo bila mshono? Na uzi je? Dukani kuna sufu, akriliki na pamba.

Fundi Sweta
Bapa, kama sindano ulizonazo ni mbili tu. Uzi wa unene wa kati, sindano za mm 4, hutoa takriban vitanzi 22 kwa sm 10. Anzisha 42, si 44. Fuma 2 vya kawaida, 2 vya kinyume, upande wa nje uanze na uishe kwa 2 vya kawaida. Mshono utakula kitanzi kimoja kila ukingo, na vile viwili vinavyobaki vitakutana kuwa tuta moja kama mengine. Hapo hata mwenyewe utautafuta mshono.
Urefu sm 18: shona 10 kuanzia kwenye kifundo, acha 5 za gumba, malizia 3. Upana utakuwa pungufu ya kiganja kwa karibu sm 2. Usiuongeze, huo mvuto ndio unaoishikilia glovu mkononi.

MamaVitanzi
Fundi, hesabu zako sina neno nazo, lakini hilo tundu la gumba, mpasuo ulioachwa kwenye mshono, lina kasoro. Ukitanua gumba, kitambaa chote kinavutwa kuelekea kiganjani, na pembe za mpasuo ndizo hutangulia kuachia. Anayeandika siku nzima zungusha, umfumie gumba lake.
Vitanzi 40 kwenye sindano za ncha mbili. Baada ya sm 7 za kifundo, weka alama kwenye kitanzi kimoja, uongeze kimoja kila upande wake kila raundi ya tatu, mara 6. Ukifika 13, vihamishie kwenye kipande cha uzi, anzisha kimoja juu ya pengo, endelea na 40 zako. Ukirudi kwenye gumba, okota 3 pengoni pamoja na zile 13, raundi inayofuata punguza 2 hapo hapo. Usipookota za pengoni utabaki na kitobo kwenye kona, na baridi inapita hapo hapo.

uzi_mrefu
Kuzungusha nako kuna ngazi, ile mistari iliyolegea kati ya sindano na sindano. Kaza kitanzi cha pili cha kila sindano, siyo cha kwanza. Na kabla hujaunganisha raundi, hakikisha ukingo wote umelala chini. Ukijipinda, dawa ni kufumua tu.
Kufunga vitanzi mwishoni: tumia sindano ya mm 5. Wengi hukaza hapo, halafu wanashangaa vidole havipiti.

Fundi Sweta
Kuhusu uzi: pamba achana nayo. Haina mvuto, matuta yanalegea, na ikilowa na umande haikauki upesi. Sufu inabaki na joto hata ikiwa na unyevu, lakini maji ya moto na kusugua vinaigandisha inanywea. Akriliki inavumilia kufuliwa, ila ukiipiga pasi inalegea moja kwa moja, hairudi. Gramu 50 kwa kawaida zinatosha jozi.

kipupwe_njombe
Asanteni sana. Na za dereva wa bodaboda?

MamaVitanzi
Upepo unapita kwenye matuta, hata uzi uwe mzuri vipi. Uzi ule ule shuka sindano za mm 3.25, fuma kiganja kwa vitanzi vya kawaida vitupu, matuta yabaki kifundoni na ukingoni. Pima upya kwa kipande cha sm 10, maana vitanzi vitaongezeka. Kifundo kirefushe hadi sm 10 kiingie ndani ya mkono wa jaketi. Sufu, na asizivae peke yake kwenye mvua.

uzi_mrefu
Kwake akriliki mama, ataziosha kila wiki.

MamaVitanzi
Haya, mchanganyiko wa nusu kwa nusu, ukiupata.