Modemu gani kwa chumba cha samaki Lubumbashi? 2G inakwama, Cat 4 ni ghali

FundiBaridi_Katuba

Jambo yenu wote. Mimi ni fundi wa vyumba vya baridi hapa Lubumbashi. Mama mmoja anayeuza tomson (samaki wa barafu) pale soko la Kenya, komini ya hapa mjini, amenipa kazi. Anataka simu yake ipate ujumbe kila joto la chumba likipanda, na kila saa ipate picha ya mlango pamoja na kisanduku cha umeme. Samaki wanatakiwa kukaa kwenye -18. Kuran (umeme) ikikatika usiku na hakuna aliyewasha jenereta, asubuhi mtaji wake wote umeharibika, na mtaji wenyewe ni wa likelemba, mchango wa kupokezana.

Nina moduli za SIM800L, zile za 2G. Joto linafika vizuri, lakini picha zinakwama njiani. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue NB-IoT, njia ya 4G ya vifaa vidogo vya data chache. Kijana anayesoma chuo anasema nisubiri RedCap, 5G iliyopunguzwa kwa vifaa vidogo. Modemu za Cat 4, zile za kugawa waifai nyumba nzima, zinakula umeme na pesa. Kati ya 2G na Cat 4 kuna nini? Nyuma ya mama huyu kuna wateja wengine wa Katuba na Ruashi wanangoja waone, kwa hiyo nitakachochagua nitaishi nacho miaka.

Papa_Rezo

Fundi, chukua LTE (yaani 4G) Cat 1 bis. Naeleza kirefu kwa sababu watu wengi hapa kwetu wanauziwa vifaa visivyo na mnara wa kuvijibu.

Cat 1 ni ya zamani, imo tangu Toleo la 8 la 3GPP, wale wanaoandika viwango vya mitandao ya simu, mwaka 2008: megabiti 10 kwa sekunde kushusha, 5 kupandisha, antena mbili. Mwaka 2016 Toleo la 13 likaleta Cat 1 bis: mwendo uleule, antena moja. Antena moja ikiondoka, bodi inapungua na bei inashuka. Kubwa zaidi ni hili: mnara unaiona kama kifaa chochote cha 4G. Kampuni ya simu haina cha kukuwashia. Ukiwa na moduli inayoshika bendi za hapa, penye 4G ya simu yako nayo inafanya kazi.

NB-IoT na mwenzake LTE-M, nayo ya vifaa vidogo, zilizaliwa katika Toleo hilohilo la 13, ila lazima kampuni iziwashe kwenye minara yake. Usinunue hata moja kabla hawajakujibu kwa maandishi. Hata ikiwashwa, NB-IoT inapita kwenye njia ya kilohezi 200 na mwendo wake ni makumi ya kilobiti tu. Inafaa mita ya maji, picha haiwezi. LTE-M, yenye karibu megabiti 1, ingekutosha kabisa kama ingekuwepo mnarani.

RedCap ni kitu kizuri, kijana hajakosea. Ni ya Toleo la 17, mwaka 2022, inatumia megahezi 20 badala ya 100 za 5G kamili. Lakini inahitaji 5G inayojisimamia yenyewe, isiyoegemea 4G. Samaki wa mama hawawezi kuingoja.

Sasa piga hesabu. Picha ya kilobaiti 80 ni kilobiti 640. Kwa 2G ya kilobiti 20 hadi 40, hiyo ni sekunde 16 hadi 32 bila kukatika, na kwenye 2G mnara unatanguliza watu wanaoongea, data inasubiri. Kwa 4G hata ukipata megabiti 1 tu ya kupandisha, haifiki sekunde moja. Picha 24 kwa siku ni karibu megabaiti 2, kwa mwezi 60. Joto ni dogo sana, lakini angalia: ukifungua upya njia salama ya HTTPS kila dakika 5, kusalimiana peke yake kunaweza kula kilobaiti 5, mara 288 kwa siku, na mega za mama zinaisha bila kazi. Tumia MQTT, itifaki ya ujumbe mfupi, acha njia wazi.

Jambo la umeme ulishike sana. Moduli kama A7670E ina 4G na pia inarudi 2G rezo (mtandao) ikidhoofika. Kwenye 4G inatoa wati 0.2 za redio. Kwenye 2G ya megahezi 900 inafika wati 2, na inavuta ampea 2 kwa mpigo. Kwa hiyo bodi inapita majaribio yote mchana kwenye 4G, halafu usiku 4G ikianguka inaanza kujizima na kujiwasha, na fundi analaumu kadi ya SIM. Weka chanzo kinachobeba ampea 2, na kapasita kubwa karibu kabisa na pini za moduli.

FundiBaridi_Katuba

Aksanti sana Papa. Maswali mawili. Kuta za chumba ni mabati ndani na nje, je modemu ikae wapi? Na nikiweka kadi mbili za kampuni tofauti, nitakuwa salama kuran ikikatika?

Papa_Rezo

Modemu ikae nje, antena juu ya paa ikiwezekana. Ndani ingiza waya wa kipima joto tu. Na kipima joto chenyewe kichague vizuri: DS18B20 inaahidi nusu digrii hadi -10. Ukishuka -18 inaruhusiwa kukosea digrii nzima. Chukua PT100, au ipime kwanza kando ya kipimo unachokiamini.

Kadi mbili zinasaidia mnara mmoja ukiharibika. Kuran ya mtaa mzima ikienda, minara yote miwili inaishi kwa betri au jenereta, na zikiisha zinaondoka pamoja. Ndiyo maana nakuomba, fundi, usimwachie mama simu peke yake. Funga king'ora kinachotumia betri ukutani, kilie chenyewe hata bila rezo, mlinzi aamke. Kifaa kiandike joto kwenye memori kadi, rezo ikirudi kitume yote pamoja na saa zake, ili mama ajue samaki walikaa juu ya -18 muda gani kabla hajaamua kuuza.

Kamioni_Kasumbalesa

Nadandia hapa. Nina kifaa kama hicho kwenye gari la friji linaloleta samaki kutoka Namibia kupitia Zambia. Kikikaribia mpaka wa Kasumbalesa kinarukaruka kati ya rezo za nchi mbili, na mega zinaisha kwenye foleni. Nifanyeje?

Papa_Rezo

Ndugu, uliza moduli kwa amri ya AT+CEREG? kabla ya kila kutuma. Namba ya pili ya jibu ikiwa 1 iko kwenye rezo ya nyumbani, ikiwa 5 iko ugenini. Kwenye 5 programu itume joto tu, picha zikae kwenye kadi. Kama hutaki kabisa ishike rezo ya ng'ambo, ifunge kwa AT+COPS kwenye namba ya kampuni yako: za Kongo zinaanza na 630, za Zambia 645. Ila ukiifunga hivyo, upande wote wa Zambia utakuwa huna habari za gari.